Mmiliki wa Kifusi

Maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake, na Magreth alijua yamekwama wapi kabla hajafika. Alishuka korongoni na chepe begani na ndoo mkononi, akikanyaga taratibu, maana njia ya zamani ilikuwa imefunikwa na kila hatua sasa iliangukia juu ya kitu kinachoyumba: tofali nusu, pande la zege lililochomoza nondo, mlango wa choo uliobaki na bawaba zake. Mfereji ulipita chini kabisa. Ulichimbwa na babu wa mumewe na wenzake, kwa majembe, enzi ambazo hakuna aliye hai kijijini aliyezikumbuka, na ulipeleka maji kwenye mashamba tisa ya kahawa na migomba.

Alipiga magoti kwenye tope akaingiza mkono. Alitoa kigae cha bluu cha bafuni. Akatoa kingine. Akatoa soketi ya umeme yenye waya zake, na kipande cha sinki, na tope zito la saruji iliyolowana, alilolichota kwa viganja kama mtu anayechota uji. Maji yalisogea kidogo, yakasimama tena. Kigae cha tatu kilimkata kidole cha shahada. Alitazama damu ikiingia majini na kupotea. Maumivu hayakuja mara moja. Tangu mumewe Ebenezer azikwe, mwezi wa nane mwaka uliopita, mambo mengi yalimfikia hivyo, kwa kuchelewa, kana kwamba yalikuwa yanapita kwanza kwa mtu mwingine.

Alifunga kidole kwa pindo la kitenge akaendelea kuchota.

Malori yalikuwa yameanza kumwaga kifusi baada ya Pasaka. Mjini walikuwa wanabomoa maduka ya zamani kupisha maghorofa, na kule Njiro kulikuwa na watu wanaovunja nyumba nzima, isiyo na ufa hata mmoja, ili wajenge kubwa zaidi mahali pale pale. Kifusi cha huko kilitakiwa kiende mahali. Eneo lililopangwa lilikuwa mbali, upande wa pili wa mji, na lilikuwa na foleni na ushuru wa getini. Korongo la Magreth lilikuwa karibu na barabara na halikuwa na geti.

Siku lori la kwanza lilipomwaga, alikwenda kwa shemeji yake. Nathanael alikuwa kaka mkubwa wa Ebenezer na mzee wa kanisa, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

“Shikamoo shemeji.”

“Marahaba. Karibu ukae.”

Mke wake akaleta chai. Magreth alishika kikombe bila kunywa.

“Kuna lori limemwaga kifusi korongoni.”

“Najua. Niliwaruhusu mimi.”

“Kule chini kuna mfereji.”

“Hawatafika kwenye mfereji. Nimewaambia waishie juu. Korongo likijaa, shemeji, tutapata sehemu tambarare. Saa hizi lile ni shimo tu, halimfai mtu.”

“Ebenezer hakutaka lijazwe. Alisema pale ndipo maji yanapo—”

“Ebenezer ametangulia.” Alisema kwa upole, kama anavyosema anapotangaza msiba ibadani. “Shamba ni la ukoo. Wewe tumekuacha ukae pale, na hakuna atakayekutoa ukiwa hai. Ungekuwa na kijana wa kiume tungekaa naye tukazungumza. Una mabinti, nao wana kwao.”

Nje ya dirisha, chini ya turubai, kulikuwa na mifuko ya saruji iliyopangwa kufika kimo cha mtu. Magreth aliiona. Alikunywa chai kwa sababu ilikuwa imeshamiminwa, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kijiji. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa sita mwenyekiti, Gerson, alimwita ndani. Alikuwa na daftari kubwa mbele yake na kalamu imeshafunguliwa.

“Haya mama. Malalamiko gani?”

Alimweleza.

“Wewe kwenye shamba lile ni nani?”

“Mke wa Ebenezer.”

“Marehemu Ebenezer. Una hati? Una muhtasari wa kikao cha ukoo unaosema umerithishwa?”

“Kikao kilikaa. Mimi sikuitwa.”

“Na hicho kikao kilimpa nani usimamizi?”

“Shemeji.”

“Unaona sasa.” Gerson alifunika kalamu. “Siwezi kupokea malalamiko ya mtu ambaye siyo mwenye eneo. Nikipokea yako, kesho atakuja mpita njia naye alalamike. Mwambie mwenye eneo aje.”

“Mwenye eneo ndiye aliyewaruhusu.”

“Basi hakuna malalamiko,” alisema Gerson, akafunga daftari.

Malori yakawa mawili kwa siku, kisha manne. Yalikuwa ya rangi ya njano, na jina la kampuni limeandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu. Yalirudi kinyumenyume mpaka ukingoni, yakainua mgongo, na nyumba za watu zikaporomoka tena kwa mara ya pili. Vumbi lilipanda likatua juu ya kahawa. Magreth alizoea kuosha majani ya mboga mara tatu. Dereva mmoja, kijana wa Kiarusha anayeitwa Lucky, ndiye peke yake aliyezima injini na kusalimia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Nani anawaambia mlete huku?”

“Ofisi. Mimi naambiwa mwaga hapa, namwaga. Nikipeleka kule kwingine, bosi anauliza mafuta yameenda wapi.” Alivuta karatasi kutoka kwenye dashibodi akamwonyesha, bila kinyongo, kama anayetaka na yeye aridhike. “Kibali hiki hapa. Kimegongwa muhuri.”

Magreth aliisoma yote. Alikuwa amemaliza darasa la saba na alisoma vizuri. Ilisema kijiji hakina pingamizi. Muhuri ulikuwa wa bluu, na herufi K ya neno Kijiji ilikuwa imefutika nusu yake ya juu.

“Asante,” alisema, akamrudishia.

Hakupanga kujenga ukuta. Ilikuwa mwezi wa sita, baada ya kuvuna maharage. Alikuwa amechoka kutoa vipande mferejini na kuvikuta vimerudi kesho yake, na siku hiyo, badala ya kukitupa kipande cha zege pembeni, alikilaza juu ya kingine. Kilikaa. Akaleta cha tatu akakigeuza mpaka kikashika. Alikuwa amemwona Ebenezer akijenga kingo za matuta kwa mawe, na mikono yake ilikumbuka zaidi ya alivyojua.

Vijana wa nondo walikuwa wakija karibu kila siku. Walipasua zege kwa nyundo nzito, wakachomoa chuma, wakakinyoosha juu ya jiwe na kwenda kukiuza kwa kilo mjini. Walipoondoka waliacha zege limekuwa vipande vya kubebeka. Vile vikubwa Magreth aliviweka chini. Matofali mazima yalichukuliwa na kina mama wa vijiji vya jirani, lakini nusu-nusu hawakuyataka, basi hayo akayapanga katikati. Vigae havikufaa kubeba uzito. Alivichomeka kwenye mianya. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe wake mmoja, akapalilia, akapika. Mchana alishuka korongoni. Hakuhesabu siku. Kulikuwa na nafuu fulani katika kuinua kitu kizito na kukiweka mahali kitakapobaki.

Kufikia mwezi wa kumi ukuta ulimfika kifuani na ulikuwa na urefu wa hatua kumi na nane. Upande wa juu kifusi kilikuwa kimeuegemea. Upande wa chini mfereji ulipita wazi.

Bibi Anaeli, jirani yake wa bondeni, alipanda kuja kuuona. Alikuwa na miaka sabini na kitu na alitembea kwa fimbo. Alisimama muda mrefu, akaupiga ukuta kwa kiganja, kama anavyompiga ng'ombe mgongoni.

“Maji yananifikia sasa,” alisema. “Jana nimemwagilia mpaka mgomba wa mwisho.”

“Nashukuru, bibi.”

“Na haya yote umebeba peke yako.”

“Hakukuwa na haraka.”

Bibi Anaeli alicheka kidogo. Magreth alisikia kitu kikisogea kifuani mwake, kikataka kuinuka, kisha kikatulia tena. Alimsindikiza bibi mpaka kwenye mimea ya masale inayogawa mashamba yao, akarudi kufunga ndama.

Mvua za vuli zilikuja katikati ya mwezi wa kumi na moja, zikanyesha siku tatu bila kupumzika. Mlima ulio juu ya kijiji haukuonekana. Siku ya nne alfajiri Magreth alisikia mngurumo mfupi, mzito, kisha mbwa wote wa kitongoji kwa pamoja. Alitoka na kushuka mbio kwenye ukuta. Ukuta ulikuwa umesimama. Hakuna tofali lililotoka.

Kifusi kilikuwa kimepita pembeni. Malori yalikuwa yamezidi kumwaga upande wa juu, mahali ambapo ukuta haukufika, na lundo lote la huko lilikuwa limeachia kwa pamoja, likauzunguka ukuta, likaruka mfereji, likavunja masale na kuingia kwa Bibi Anaeli. Jiko lake lilikuwa limelala chini. Banda la ng'ombe halikuonekana. Wanaume walichimba kwa machepe mpaka saa tatu. Walimkuta ng'ombe amelala ubavu, macho wazi, amejaa tope puani. Alikuwa na mimba ya miezi saba.

Walimchuna pale pale, maana hapakuwa na jingine la kufanya. Bibi Anaeli alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, fimbo mapajani. Magreth alikwenda akasimama mbele yake. Bibi alimtazama, kisha akatazama juu kule ukuta uliposimama mzima, akageuza uso.

Siku ya tatu gari la halmashauri lilifika. Alishuka kijana wa miaka thelathini na kitu mwenye buti za mvua mpya na faili chini ya kwapa. Alijitambulisha kuwa ni Reginald, afisa mazingira. Gerson alikuwa pamoja naye. Nathanael alikuja nyuma yao kwa miguu, amevaa koti la kanisani.

“Shikamoo mama,” alisema Reginald.

“Marahaba, baba.”

“Pole kwa yaliyotokea.”

“Asante.”

Alipiga picha kwa simu. Alipiga mfereji, akapiga lundo, akapiga mahali banda lilipokuwa. Alipofika kwenye ukuta alisimama, akapiga picha sita au saba, kila upande.

“Huu umejengwa na nani?”

“Mimi.”

“Kwa kutumia nini?”

“Hicho hicho kifusi.”

“Nani alikupa kibali cha kujenga kwenye chanzo cha maji?”

“Hakuna. Nilikuwa nazuia kisiingie mferejini.”

Reginald aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko kile alichokisema Magreth.

“Kwa hiyo kifusi hiki unakitumia kwa shughuli zako.”

“Sikukileta mimi.”

“Sijauliza nani amekileta, mama. Nimeuliza kama unakitumia.”

Reginald alimgeukia mwenyekiti.

“Mmiliki wa eneo ni nani?”

Gerson alimtazama Nathanael. Nathanael aliangalia viatu vyake, vilivyokuwa vimeshika tope.

“Ni eneo la marehemu mdogo wangu,” alisema kwa sauti yake ile ile. “Huyu ni mjane wake. Ndiye anayekaa, ndiye anayelima.”

“Basi ndiye mmiliki.”

“Ndiye,” alisema Gerson. “Ofisi inamtambua.”

Ndege walikuwa wakilia kwenye mti wa mringaringa. Magreth alisikiliza neno lile likipita, akangoja kama kuna mtu atalirudisha. Hakuna aliyelirudisha.

“Mwezi wa nne nilikuja ofisini kwako,” alimwambia Gerson. “Uliniambia mimi siyo mwenye eneo.”

“Mama, wakati ule ulikuja na malalamiko. Hili ni suala jingine.”

“Na malori yana kibali. Nimekisoma. Kina muhuri wa kijiji.”

Reginald aliinua kichwa kutoka kwenye faili. “Kibali gani?”

“Hakuna kibali,” alisema Gerson. “Siku hizi mihuri inachongwa mitaani, mkuu. Mtu yeyote anayo.”

Reginald alimtazama Gerson kwa sekunde moja au mbili. Kisha akarudi kuandika.

Alimaliza akachana karatasi, akampa Gerson, na Gerson akatoa muhuri kwenye mfuko wa koti, akaupumulia, akaugonga kwenye karatasi. Kisha karatasi ikaja kwa Magreth. Alisoma kuanzia juu. Jina la Mmiliki: Magreth Ebenezer. Kosa: kuruhusu utupaji wa taka za ujenzi kwenye chanzo cha maji, na kujenga bila kibali kwa kutumia taka hizo. Amri: kubomoa ukuta na kuondoa kifusi chote ndani ya siku thelathini, la sivyo kufikishwa mahakamani. Chini kulikuwa na muhuri wa bluu. Herufi K ilikuwa imefutika nusu yake ya juu.

“Una swali, mama?” aliuliza Reginald.

“Nikiondoe nikipeleke wapi?”

“Kwenye dampo lililoidhinishwa. Na kwa gari lililosajiliwa kwa kazi hiyo, siyo mkokoteni.”

“Gari la nani?”

Reginald alifungua ukurasa wa mwisho wa faili, akasoma jina. Kampuni iliyosajiliwa kwa upande huo ilikuwa moja tu. Lilikuwa jina lile lililoandikwa ubavuni mwa malori kwa herufi nyekundu.

Magreth alikunja karatasi mara mbili, kisha akaikunjua tena.

“Naomba kitu kingine,” alisema. “Naomba mniandikie na karatasi ya pili kama hii, yenye hilo jina langu hapo juu. Lakini iseme tu kwamba shamba ni langu. Iishie hapo.”

Nathanael alikohoa. Gerson alitabasamu akatazama migomba.

“Hiyo ni ofisi nyingine, mama,” alisema Reginald, na kwa namna alivyosema ilionekana kwamba hakuwa na nia mbaya. “Hiyo ni Ardhi. Sisi ni Mazingira. Asante kwa ushirikiano.”

Walipanda mpaka kwenye gari. Nathanael alibaki nyuma kidogo.

“Usiwe na wasiwasi, shemeji,” alisema. “Tutakuombea.”

Jioni binti yake Brenda alipiga simu. Alikuwa anashona kwenye kibaraza cha watu, mtaa wa Daraja Mbili mjini, na alikaa chumba kimoja na mume na watoto wawili.

“Mama, acha hayo yote. Njoo ukae na sisi.”

“Nitalala wapi?”

“Tutajua.”

“Nikija watasema nimeondoka mwenyewe.”

“Na ukibaki?”

Magreth aliangalia karatasi iliyokuwa mezani, chini ya taa ya sola. Mahali pengine popote duniani jina lake halikuwa limeandikwa pamoja na shamba lile. Hapakuwa na hati, wala muhtasari, wala stakabadhi ya chama cha kahawa, ambayo mpaka leo ilitoka kwa jina la Ebenezer. Lilikuwa hapo tu.

“Nitakupigia,” alimwambia binti yake.

Alianza kubomoa asubuhi iliyofuata. Alianzia juu, kwa mpangilio, kama alivyojenga, isipokuwa sasa kila kipande kilikwenda kwenye karai, na karai likaenda kichwani, na kichwa kikapanda mpaka kando ya barabara, hatua mia mbili na zaidi. Alimwaga akarudi. Ukuta ulikuwa umeshikana vizuri; vipande vingine ilibidi avigonge kwa sururu. Kadiri ulivyopungua, kifusi kilichokuwa nyuma yake kiliteleza kikachukua nafasi yake, na mfereji ukaanza kuwa wa kijivu tena. Mara mbili alimwona Bibi Anaeli ng'ambo ya pale masale yalipokuwa.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba,” bibi alijibu, bila kusimama.

Siku ya tisa mawingu yalikuwa yamefunguka na mlima ulionekana wote, mweusi, karibu. Magreth alikuwa kando ya barabara anamwaga karai aliposikia injini. Lori la njano lilikata kona likasimama. Lucky alichungulia dirishani. Aliona lundo la zege na matofali lililopangwa kando ya njia, akaona mwanamke amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, akaonekana anataka kuuliza kitu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Bado unapambana.”

“Bado.”

Alizungusha usukani, lori likageuza mgongo kuelekea korongoni. Mzigo ulikuwa umejaa kupita kingo: kuta zenye rangi ya waridi, fremu za madirisha, beseni la kuogea limekaa juu kabisa. Lori lilirudi nyuma kama mita tano likasimama. Lucky akatoa kichwa tena.

“Mama, samahani. Kioo cha huku kimevunjika tangu juzi, na utingo wangu leo hakuja. Udongo umelowana, sioni ukingo uko wapi. Nisije nikaingia na gari. Nisaidie kidogo tu, unielekeze.”

Magreth aliangalia matairi ya nyuma. Yalikuwa yanakwenda upande. Hatua nne zaidi kwa pembe ile na lori lingeshuka lote, na kijana ndani yake.

Aliweka karai chini. Alitembea mpaka ukingoni, akasimama mahali ambapo angeweza kumwona, akainua mkono uliopauka kwa saruji.

“Njoo,” alisema. “Njoo. Kata kushoto kidogo. Njoo. Bado. Njoo.”

Lori likaja.

“Hapo,” alisema. “Mwaga.”